Nadhiri ya Mama na Ngazi za Brentino

Mdogo wangu uliyeko Verona, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mama anakuja kutoka Moshi, magoti yanamsumbua, na ameshikilia kupanda kwa miguu hadi Madonna della Corona kwa sababu aliweka nadhiri ulipokuwa mgonjwa. Unauliza umkatalie vipi.

Usimkatalie. Mpitishe njia ya juu.

Kanisa lile limejengwa kwenye jabali la Monte Baldo, mita 774 juu ya usawa wa bahari. Njia ya mahujaji wa zamani huanzia bondeni, kijiji cha Brentino: ngazi zaidi ya 1,500. Hiyo iache kwa siku yako na vijana wenzako, tena kwa viatu vilivyokwisha kuzoea miguu. Wewe na mama anzieni Spiazzi, juu ya kanisa, ambako barabara inateremka kupitia sanamu za Njia ya Msalaba. Ila angalia: kushuka ni rahisi, kurudi ni mlima. Kuna basi dogo. Ulizia ratiba kabla hamjatoka nyumbani.

Sasa nadhiri, maana hapo ndipo moyo wake ulipo. Kwa sheria ya Kanisa, paroko akiona sababu ya haki anaweza kumwondolea mtu nadhiri ya binafsi, na aliyeiweka mwenyewe anaweza kuibadilisha kwa tendo jema lililo sawa au bora zaidi. Basi aongee na paroko wake kabla ya kupanda ndege. Asifike huku akidhani anamdhulumu Mungu kwa kupanda basi.

Mkobani mtilie kanga ya mabega na sweta. Ndani ya kanisa, sehemu ya ukuta ni mwamba wenyewe wa mlima, na juu ya altare kuna sanamu ya jiwe ya mwaka 1432: Bikira Maria amempakata Mwanawe aliyekufa. Ni ndogo, haifiki hata mita moja. Mama aliyekesha na mtoto mgonjwa hahitaji kuelezwa kitu pale. Mwache. Simu yako iweke mfukoni.

Ataziona pia Ngazi Takatifu, ambazo watu hupanda kwa magoti wakisali, na atazitaka. Mketishe chini na rozari yake, kisha upande wewe kwa niaba yake, polepole, akikutazama.

Mkimaliza, mtafutie pa kukaa penye kuona bonde la Adige, ummiminie chai ya chupa. Basi likiondoka, mtasubiri linalofuata.