Mtambo Mdogo Usiokwenda

Katika mji wa Liverpool, Uingereza, alizaliwa mwaka 1863 mtu aliyeitwa Frank Hornby. Mwaka 1920 karakana yake ilianza kutoa magari moshi madogo ya kuchezea, yaendayo kwa kamani kama saa. Mwaka 1938, naye amekwisha kufariki, ikatoa mengine ya umeme, madogo zaidi, ambayo reli zake zimeachana milimita 16.5 tu.

Hata leo watu huyanunua yaliyokwisha kutumika, kwa kuwa hupatikana kwa bei nafuu kuliko mapya. Lakini mara nyingi mtambo wa namna hiyo, ukiwekwa relini, husitasita kama punda aliyechoka, au husimama kabisa. Hapo mnunuzi mwenye haraka hushika bisibisi, akafungua kila parafujo, na mwisho hana mtambo wala mchezo, ila sahani iliyojaa vipande. Fundi mwenye busara hatafuti dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Kwanza huifuata njia ya umeme. Katika mitambo ya reli mbili, umeme huja kwa reli moja, hupanda kwa magurudumu, huingia ndani ya mota, kisha hurudi kwa reli ya pili. Njia hiyo ikikatika mahali pamoja tu, mtambo haupati nguvu. Adui wake mkubwa ni uchafu. Kwa hiyo fundi hupangusa reli na magurudumu kwa kitambaa kilichotiwa spiriti kidogo.

Ikiwa bado hauendi, huulaza chali, akagusisha mota yenyewe nyaya mbili za kisanduku chake cha umeme, kitoacho volti 12. Umeme wa ukutani haugusishwi mtambo kamwe, maana huua mtu. Mota ikizunguka vema, basi ni nzima, na kosa li katika magurudumu au katika vipande vyembamba vya shaba vinavyoyagusa. Isipozunguka, hutazama vijiti viwili vya makaa vipitishavyo umeme ndani yake. Vikiisha kwa kusuguana, hutiwa vipya. Ikizunguka kwa shida na kupata moto, huenda mafuta ya kale yameganda kama gundi, au sumaku imepungua nguvu. Mafuta yaliyoganda huondolewa, kisha hutiwa tone moja jipya kila penye mhimili. Tone moja latosha, kwa kuwa mafuta mengi hukusanya vumbi na kurudisha ugonjwa ule ule.

Lakini yako maradhi yasiyo na dawa. Mitambo mingine ya kale iliumbwa kwa mchanganyiko wa zinki. Ikiwa risasi kidogo iliingia humo, madini hayo hufura na kupasuka baada ya miaka mingi. Kwa hiyo mnunuzi mwerevu huchungulia nyufa kabla ya kutoa fedha.

Haraka haraka haina baraka. Ajaribuye jambo moja moja hujua lipi lililoponya. Abadilishaye yote pamoja hajui kitu.

Maswali
1. Umeme hupita wapi toka reli ya kwanza hata ya pili?
2. Kwa nini mota hujaribiwa peke yake?
3. Mafuta mengi yana hasara gani?
4. Ni ugonjwa gani usioponyeka?