Ujumbe wa Hospitali na Barua ya Hezekia
Somo: 2 Wafalme 19:14-19, 20:1-7

Oktoba nilipigwa picha ya matiti Mombasa. Uchunguzi wa kawaida tu, sikuwa na uvimbe wala maumivu. Baada ya siku nane ujumbe ukaingia kwenye simu: rudi, tunahitaji picha zingine. Basi. Usingizi ukaisha. Nakuna nazi huku nawaza wanangu watalelewa na nani.

Dada mmoja wa maombi akaniambia nisirudi, ati kurudi ni kuukiri ugonjwa. Karibu nimsikie. Lakini Hezekia alipoletewa barua ya vitisho ya Waashuri hakujifanya haipo. Aliikunjua mbele za Bwana. Na alipougua alilia, akaomba, kisha Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Machozi, maombi na dawa, vyote sura moja. Nikaiweka simu kitandani, nikapiga magoti: Bwana, soma mwenyewe.

Alfajiri nikapanda matatu hapa Marafa, tumbo linacheza. Daktari akanieleza kwamba wengi wanaoitwa tena hawakutwi na saratani. Pengine picha haikutoka vizuri, au nyama ya titi imejikunja. Nikapigwa tena, na ultrasaundi juu yake. Langu lilikuwa salama.

Mama tuliyekaa naye benchi moja alibakizwa, atolewe kinyama cha kupimwa. Alhamisi anachukua majibu. Nitakwenda naye. Tumwombee.