Ufahamu: Kusoma Makala ya Maoni ya Kisiasa

Habari hueleza lililotokea. Makala ya maoni huchukua lililotokea na kulipima. Mwandishi wa maoni aliye huru hakosi upande; anao, ila hakupangiwa na mtu. Kwa hiyo ukisimama kwenye meza ya magazeti, iwe Mbeya au Iringa, jiulize kwanza gazeti ni la nani. Uhuru ni la CCM, HabariLeo ni la Serikali, mengine ni ya watu binafsi. Si kosa kuwa na mwenyewe, lakini msomaji anapaswa kujua.

Tutumie tukio la kweli. Tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoani Iringa, aliuawa katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi. Alikuwa kazini, akifuatilia shughuli za CHADEMA. Polisi walisema mikutano ilikuwa imezuiwa kwa sababu ya sensa. Picha zilizopigwa na waandishi wenzake zilimwonesha akiwa amezingirwa na askari. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 15.

Sasa linganisha sentensi hizi, tulizozitunga kwa ajili ya somo hili:

(a) Mwangosi aliuawa Nyololo akiwa kazini.
(b) Hata kama mikutano ilizuiwa, nguvu iliyotumika siku ile haikustahili.
(c) Kila mtu anajua nani aliagiza auawe.

Sentensi (a) ni taarifa, inathibitika. Sentensi (b) ni maoni, na ni maoni mazuri: imetaja hoja ya upande wa pili kabla ya kuipinga. Watahiniwa wengi hukwama kwenye (c). Imevaa vazi la taarifa, lakini ndani hamna shahidi, picha wala hukumu. Maneno kama “kila mtu anajua”, “inasemekana” na “ni wazi kabisa” mara nyingi huwekwa pale ambapo ushahidi ulitakiwa kukaa. Huo ni uvumi, hata kama umeandikwa na mtu unayemkubali.

Kuna mtego mwembamba zaidi. Mwandishi mmoja akiandika, “Askari yule aliua kwa makusudi,” anasema kinyume cha hukumu bila kumwambia msomaji. Mwingine akiandika, “Mahakama ilisema hakukusudia, mimi nadhani ilikosea, na sababu zangu ni hizi,” amepinga hukumu ileile waziwazi, na msomaji anaweza kuzipima sababu zake. Wote wawili wana hasira. Wa pili ndiye wa kusomwa, hata na asiyekubaliana naye.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ibara ya 30 inaweka mipaka. Lakini angalia pia mpangilio wa kazi: bila waandishi waliokuwepo Nyololo na kamera zao, waandishi wa safu wangebaki na maneno ya upande mmoja tu wa kuyatolea maoni.

Kwenye mtihani, usijibu swali la ufahamu kwa maoni yako mwenyewe. Ukiulizwa “mwandishi ana msimamo gani?”, jibu msimamo wake, hata kama unaupinga.

Zoezi

1. Andika upya sentensi (c) iwe maoni ya haki, bila kudai jambo lisilothibitika.
2. Kwa nini kutaja hoja ya sensa kunaipa nguvu makala inayowalaumu polisi?
3. Tafuta makala mbili za maoni kuhusu jambo moja la mkoani kwako, kutoka magazeti yenye wamiliki tofauti. Pigia mstari kila taarifa. Je, waandishi wanatofautiana katika taarifa au katika maoni?
4. Tunga insha ya maneno 250 kuhusu uamuzi mmoja wa halmashauri yenu usiokubaliana nao. Aya ya kwanza ieleze sababu za halmashauri kwa namna ambayo diwani mwenyewe angekubali kuwa umemwelewa.