Kutazama Ndege Msituni: Hukumu Yake na Adabu Zake

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila chenye roho, na twamsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

SUALA: Kijana mmoja wa Malindi amezoea kwenda msitu wa Arabuko-Sokoke kila Jumamosi asubuhi kutembea na kutazama ndege. Babake amemkataza, asema huo ni upuzi, na kwamba kijana wa Kiislamu kazi yake ni darsa na msikiti. Je, ni nani mwenye haki?

JAWABU: Kila mmoja ana haki katika sehemu ya maneno yake. Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa kutembea na kutazama viumbe asili yake ni mubaha, na jambo la mubaha hufuata nia ya mwenye kulitenda. Mwenye kwenda kupoteza wakati, fungu lake ni wakati uliopotea. Ama mwenye kwenda ili mwili wake upate nguvu ya ibada, na moyo wake upate mazingatio, huyo hutarajiwa thawabu.

Wala mazingatio haya hatukuyazua sisi. Katika Sura ya Al-Mulk Mwenyezi Mungu ametuelekeza tuwatazame ndege walio juu yetu, jinsi wakunjuavyo mbawa zao na kuzikunja. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe, na kuwa afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hukhasirika kwazo. Basi tujitazame. Kijana wa leo huketi skuli, kisha huketi chuoni, kisha huketi barazani na simu mkononi hata usiku. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima atembee, au afanye kazi ya mwili mfano wa hiyo, si chini ya dakika 150 kila wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Asubuhi moja ya msituni yaweza kutosheleza hizo za mtu mzima.

Na msitu wenyewe si mahali pa kudharauliwa. Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita mraba 420, nao ndio mkubwa kuliko misitu yote ya pwani ya namna yake iliyosalia katika Afrika ya Mashariki. Ndani yake yumo sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, na bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi shibiri moja, ambaye nje ya pwani hii hajulikani ila katika sehemu za chini za Usambara ya Mashariki.

Hapa pana faida ya dini. Wako kwetu wamwonao bundi kuwa ni mkosi, wakamtupia mawe. Waarabu wa Jahiliya nao walikuwa na itikadi mfano wa hiyo, na Mtume (s.a.w.) akaibatilisha. Mwenye kumjua bundi kwa macho yake, akaona kuwa ni kiumbe mwenye kutafuta riziki yake kama wengine, huondokewa na hofu isiyo na msingi.

Ama adabu zake ni hizi:

Kwanza, sala. Ndege huonekana zaidi tangu jua kuchomoza hata saa nne, basi asali Alfajiri kwa wakati wake ndipo atoke, na akiweza arejee kabla ya Adhuhuri. Ikimkuta huko, ardhi tahiri yote yafaa kusalia. Makka iko karibu kaskazini halisi ya msitu huo, basi jua la asubuhi likiwa mkono wake wa kulia, mbele yake ndiko kibla. Na aweke alama mapema, kwani adhuhuri jua huwa utosini wala halionyeshi njia. Asipunguze sala, kwani kutoka Malindi hata Gede ni karibu kilomita 20, na safari ya kupunguza sala ni marhala mbili, nazo ni kilomita 80 na zaidi. Achukue maji ya udhu. Na ajue kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi tayamamu haisihi ila kwa udongo wenye vumbi. Majani na magome hayafai, wala mchanga mweupe wa chini ya mirihi ukiwa hauna vumbi.

Pili, asidhuru. Kumfanya mwenye roho shabaha ya mchezo ni haramu. Imepokewa kuwa baadhi ya masahaba walichukua makinda ya ndege, mama yao akaja akipapatika, Mtume (s.a.w.) akaamuru makinda yarejeshwe. Basi atazame, asikilize, aandike katika daftari yake, na kiota akiache kilivyo.

Tatu, asijisaidie njiani, wala kivulini wapumzikapo watu, wala chini ya mti wa matunda, wala asiache taka.

Nne, asijitie hatarini. Mna ndovu msituni humo, basi ashike ruhusa ya ofisi ya msitu, afuatane na mwongozi, na awaambie watu wa nyumbani aendako.

Tano, darsa yake isipunguke. Akiacha alilofaradhiwa kwa ajili ya ndege, hapo neno la babake ndilo la haki.

Baada ya hayo, twamwambia kijana: usitoke kwa siri. Kumtii baba ni wema mkubwa kuliko kuona ndege mia. Mwombe idhini kwa upole. Nasi twamwambia baba: kabla hujamkataza, uliza asubuhi hiyo ataitumia wapi badala yake. Ukimzuilia halali iliyo wazi, huna dhamana kuwa hatatafuta jingine gizani. Na lililo bora zaidi, fuatana naye Jumamosi moja, utembee, utazame, ndipo uhukumu. Huenda nawe mwili wako unakudai haki yake.

Wabillahi taufiki.