Mparachichi wako unanyauka? Chimba kwanza kabla ya kumwagilia

Leo tuongelee mparachichi ule mmoja wa nyuma ya nyumba, ambao umezaa miaka yote halafu ghafla unaanza kuchoka. Majani yanakuwa madogo, yanapauka na kuning'inia, na matawi ya juu kabisa yanakauka kuanzia nchani. Wengi wakiona hivyo wanabeba ndoo. Subiri kidogo.

Chukua jembe, nenda chini ya ncha za matawi, siyo kwenye shina. Fukua taratibu sentimita 15 hadi 20, inatosha, maana mizizi inayolisha mparachichi iko juu juu. Tafuta ile myembamba kuliko njiti ya kiberiti. Mizizi mizima ina rangi ya krimu, ukiipinda inapinda. Ukikuta ni myeusi, inavunjika kirahisi, au huipati kabisa, na udongo umelowa, ujue mizizi imeoza. Mti una kiu huku umesimama kwenye maji, kwa sababu hauna cha kunywea! Ukiongeza ndoo, unaumaliza.

Anayeozesha ni kimelea anayeitwa Phytophthora cinnamomi. Anafanana na fangasi, na vijimbegu vyake huogelea kwenye maji yaliyomo kwenye udongo. Ndiyo maana mti wa karibu na bafu la nje, au pale maji ya kufulia yanapomwagwa kila siku, uko hatarini zaidi. Usidanganyike na mti ulioshika matunda mengi madogo madogo mwaka huo. Mti mgonjwa hufanya hivyo pia.

Kama mizizi ni mizima, tatizo ni jingine. Udongo mkavu, basi ni kiu ya kweli, mwagilia. Majani ya zamani yanageuka njano, mti una njaa ya naitrojeni, weka samadi iliyoiva. Ncha za majani zimeungua kahawia, mara nyingi ni chumvi: maji ya kisima chenye chumvi, au jivu lililozidi.

Turudi kwenye mizizi iliyooza. Geuza njia ya maji kwa mfereji mdogo, leo hii. Tandaza majani makavu na vipande vya matawi unene wa sentimita 10 hadi 15, lakini yasiguse shina. Usilime tena chini ya mti, na yurea weka pembeni kwanza. Punguza matunda, kata matawi yaliyokufa, na yale yaliyobaki wazi juani yapake chokaa yasiungue. Dawa za kopa za kupulizia majani hazifiki kwenye mizizi, usipoteze hela. Duka la pembejeo uliza yenye metalaksili au fosfonati, na usome kibandiko kabla ya kutumia. Hiyo nayo haisaidii kitu kama maji bado yanatuama.

Mti uliopoteza zaidi ya nusu ya majani, mimi ningeukata. Mche mpya usiuweke shimo lile lile. Sehemu mpya chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji. Yakikaa mpaka kesho yake, panda juu ya tuta au tafuta sehemu nyingine. Na lile jembe ulilofukulia, lioshe udongo wote kabla hujaligusisha kwenye mti wa jirani.