Somo: Kazi Nyepesi na Malipo ya Ajali



Tukizuru matawi ya Busia na Tororo, swali moja halikosi: mtu aliyeumia kazini, naye analipwa malipo ya ajali, je, akishika kazi ndogo ya nusu siku haki yake inapotea? Wengine kwa woga hukaa bure nyumbani hata wakipata nafuu. Wengine hubeba abiria mpakani kwa siri. Wote huingia hasarani kwa kutojua sheria.

1. Sheria ipi?
Kijiji ni kimoja, sheria ni mbili. Aliyeajiriwa na kuumia Busia ya Kenya hudai kwa Sheria ya Mafao ya Ajali Kazini ya 2007. Aliyeajiriwa na kuumia Tororo hudai kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya 2000. Nyumbani kwako si hoja.

2. Malipo ya muda
Katika Kenya, asiyeweza kazi kwa siku 3 au zaidi hulipwa kiasi cha mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Malipo hukoma akipona, akirudia kazi yake ya zamani, au akipata kazi nyingine yenye mapato sawa au zaidi. Kazi nyepesi yenye mapato madogo ni jambo jingine: anayeweza kufanya sehemu tu ya kazi hulipwa sehemu ya malipo, kama Mkurugenzi wa serikali atakavyoona ni haki. Kwa hiyo kazi ndogo si kosa. Kosa ni kuificha. Ukionekana unapakia magunia huku karatasi yako inasema huwezi kusimama, umempa wakili wa tajiri kisu cha kukuchinjia.

3. Fidia ya ulemavu wa kudumu
Hii hulipwa kwa kilichopotea mwilini, wala kurudi kazini hakuiondoi. Kenya huhesabu mapato ya miezi 96, Uganda miezi 60, kwa ulemavu kamili. Tuseme daktari amepima ulemavu wa 10%. Kwa mshahara wa Sh. 15,000 za Kenya, hesabu ni 15,000 × 96 = 1,440,000; sehemu yako ni Sh. 144,000. Kwa Sh. 300,000 za Uganda, ni 300,000 × 60 = 18,000,000; sehemu yako ni Sh. 1,800,000. Nyapara akikuambia, "Tumekupa kazi ya getini, fidia imekwisha," usikubali.

4. Siku za kukumbuka
Kenya: mwarifu mwajiri kwa mdomo au maandishi, dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Uganda: taarifa itolewe ndani ya mwezi 1.

5. Ufanye nini?
Mwombe daktari aandike kazi unazoweza na usizoweza. Kabla ya kushika kibarua, mweleze mwakilishi wa chama, na mapato yako yaandikwe. Usitie dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa. Weka nakala ya kila barua.

Maswali ya kujadili tawini
(a) Mkata miwa anauza mboga jioni huku mkono wake unapona. Je, malipo yake yakome?
(b) Katika kazi yetu, ni kazi zipi nyepesi anazoweza kupewa aliyeumia?

Haki haimfuati aliyelala. Tusomeane somo hili, hasa kwa wenzetu wasiojua kusoma.