Unahamia Chumba cha Upasuaji cha Hospitali? Anza na Haya

Kwenye kliniki ya upasuaji wa kutwa, siku yako ilijulikana mapema: ngiri saa mbili, mtoto wa jicho saa tatu, uvimbe mdogo saa nne, jioni uko kwenye daladala. Hospitalini nako kuna orodha ukutani. Kisha analetwa mama mwenye uchungu pingamizi, na orodha inasubiri.

1. Kubali kuwa mgeni. Miaka yako ya kazi ni mali, ila wiki ya kwanza usiitajetaje. Fungua kila kabati. Uliza mashine ya kunyonya damu inawashwaje, na damu ya kuongezea inafuatwa wapi. Usiku wa manane hutapata wa kumuuliza.

2. Anza na seti mbili: ya kumtoa mtoto na ya kufungua tumbo. Ndizo zinazoitishwa watu wakiwa wamelala. Zipange mezani vilevile kila siku, mpaka mkono ujue wenyewe mkasi ulipo.

3. Hesabu kwa sauti. Kwenye kidonda kidogo gozi haina pa kujificha. Tumboni inalowa, inajikunja, inafanana na utumbo. Hesabuni wawili: kabla ya kisu, kabla ya kufunga tumbo, kabla ya kufunga ngozi, na iandikwe ubaoni. Isipotimia, sema, hata kama daktari ameshashika uzi. Mimi niliwahi kusimamisha kazi kwa ajili ya gozi moja, daktari akifoka kwamba nilikosea tangu mwanzo. Tukaikuta imenasa chini ya gambuti lake. “Sasa mbona hukusema?” akaniuliza.

4. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani isijazwe wakati wa chai. Ina vipengele 19, na husomwa mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu, kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Wapo watakaokuambia hayo ni mambo ya Ulaya. Wajibu kwamba kabla matokeo yake hayajachapishwa Januari 2009, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na moja iko Ifakara.

5. Mlaze mgonjwa kama atakayelala hapo kutwa nzima. Mkono usitanuliwe kuzidi nyuzi 90 kutoka ubavuni, maana mishipa ya fahamu ya begani huumia naye hawezi kulalamika. Visigino navyo vipate kitu laini.

6. Daktari wa usingizi ni rafiki yako. Yeye ndiye huona hatari mapema. Akinyamaza ghafla, sogea karibu naye.

7. Kula kabla ya zamu, chapati mbili na chai zinatosha, na upite chooni kabla ya kunawa mikono. Upasuaji unaoambiwa ni wa saa moja huisha baada ya saa tatu.